Televisheni ya 1954 ilikula robo ya mwaka, ya leo inakula siku moja na nusu: kipato ndicho kimepanda au kioo ndicho kimeshuka?

#1 Kipimo Sahihi (mleta mada)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kuna hoja nimeisikia mara nyingi, na kila nikiisikia inaniuma kwa sababu nusu yake ni kweli. Hoja yenyewe ni kwamba watu wa leo hawana haki ya kulalamika maisha magumu wakati kila sebule ina televisheni kubwa ukutani, kitu ambacho babu zao walikiona kwa matajiri tu. Nimekaa siku kadhaa na takwimu za Marekani, kwa kuwa kule kumbukumbu za kipato na bei za televisheni zimetunzwa kwa miongo mingi, nikapiga hesabu mwenyewe. Naziweka hapa. Mwenye kuona nimeteleza anisahihishe.

Tuanze na 1954. Mwaka huo kampuni ya RCA ilitoa televisheni yake ya kwanza ya rangi kwa ajili ya nyumbani, CT-100, kwa dola 1,000. Kabati la mbao, ndani yake mirija ya elektroni 36, na kioo cha inchi 15. Vipindi vya rangi vyenyewe vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Familia ya kati ya Kimarekani ilipata takriban dola 4,200 kwa mwaka. Ninaposema ya kati nina maana hii: zipange familia zote kwenye mstari mmoja kuanzia yenye kipato kidogo kabisa hadi tajiri kuliko zote, kisha uichukue iliyosimama katikati. Gawa kipato chake kwa wiki 52, unapata kama dola 81 kwa wiki. Televisheni ile ilikuwa wiki 12 na ushee za kipato chote cha familia, kabla ya kodi, kabla ya kula, kabla ya kulipa nyumba. Karibu robo ya mwaka.

Na miezi michache baadaye RCA wenyewe waliishusha hadi dola 495. Huwa namfikiria aliyeinunua mwanzoni.

Sasa ruka hadi 2023. Kaya ya kati ilipata dola 80,610 kwa mwaka, sawa na dola 1,550 kwa wiki, au dola 221 kwa siku. Televisheni ya inchi 50 yenye picha kali ya 4K ilipatikana kwa dola 300 hivi. Hiyo ni siku moja na nusu, hata haifiki.

Kutoka wiki 12 hadi siku moja na nusu ni kama mara 64. Hapa ndipo watu wanapokimbilia kusema "tumetajirika". Lakini hebu tuzitenganishe pande mbili za hesabu. Bei kwa jumla zilipanda zaidi ya mara 11 kati ya 1954 na 2023, kwa hiyo dola 1,000 za wakati ule ni zaidi ya dola 11,000 za 2023, na kile kipato cha 4,200 ni kama dola 47,500. Kutoka 47,500 hadi 80,610 ni mara 1.7. Kutoka 11,300 hadi 300 ni mara 38 kwenda chini. Zidisha 1.7 kwa 38, unarudi kwenye ile 64.

Yaani katika safari yote hiyo, mfuko wa familia umechangia mara 1.7, na televisheni imechangia mara 38. Anayeitazama televisheni ya ukutani na kusema mwenye nyumba ametajirika mara 64 amesoma bei ya kioo akadhani anasoma mshahara.

Kuna sehemu nyingine ambayo haizungumzwi sana. Kati ya miaka ya 1960 na 1990 bei iliyoandikwa kwenye televisheni ya rangi ya kawaida haikusogea sana, ilizunguka kwenye dola mia tatu, nne, tano. Mtu aliyekuwa akiangalia kibandiko tu angesema hakuna kilichobadilika. Wakati huohuo kaya ya kati ilitoka kwenye dola 7,143 mwaka 1967 hadi dola 29,943 mwaka 1990. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni mfumuko wa bei, lakini televisheni ilikataa kupanda pamoja na wenzake, na kukataa kupanda wakati vitu vyote vinapanda ndiko kushuka kwenyewe.

Naomba kuwasilisha.

#2 Nuru ya Alfajiri

Mkuu nimekusoma hadi mwisho. Swali langu ni moja: hiyo ni kaya ya kati. Anayelipwa kima cha chini je? Yeye ndiye anayetupiwa hilo neno la "una televisheni, unalia nini".

#3 Mama Takwimu

Kipimo Sahihi, hongera kwa kuweka hesabu wazi, ndiyo maana naweza kuzikosoa. Nina mambo matatu.

La kwanza, umelinganisha familia na kaya. Katika takwimu za Marekani familia ni watu wawili au zaidi wenye undugu, ndoa au kuasili wanaoishi pamoja. Kaya ni yeyote anayekaa kwenye nyumba, hata mtu mmoja peke yake. Takwimu za kaya zinaanzia 1967, kwa hiyo kwa 1954 hukuwa na njia nyingine, nakuelewa. Lakini wanaoishi peke yao wameongezeka sana tangu wakati huo, na wanashusha kipato cha kati cha kaya. Ukilinganisha familia kwa familia, ongezeko halisi linazidi mara 2, si 1.7.

La pili, CT-100 ilikuwa kitu cha watu wachache. Marekani ya 1954 ilikuwa inanunua televisheni za nyeusi na nyeupe, na ungepata nzuri kwa dola 200 hivi. Hizo ndizo zilizoifanya nchi itoke kwenye kaya 9 kati ya 100 zenye televisheni mwaka 1950 hadi karibu 90 kati ya 100 mwaka 1960. Umechagua kilele cha mlima kisha ukashangaa mteremko ni mkali.

La tatu ndilo zito zaidi kwangu. Mwaka 1950 theluthi moja ya wanawake wa Marekani walikuwa kwenye soko la ajira. Mwaka 1999 walifika asilimia 60. Kipato cha familia kilipanda kwa sehemu kubwa kwa sababu mtu wa pili alitoka nyumbani kwenda kazini. Kama "siku moja na nusu" yako inatoka kwenye nyumba yenye watu wawili kazini, basi ni siku tatu za mtu. Kazi aliyokuwa anaifanya nyumbani bila malipo haikutoweka. Ama inalipiwa mlezi wa watoto, ama inafanywa usiku.

#4 Kipimo Sahihi (mleta mada)

Mama Takwimu, yote matatu nayakubali, na la pili limenigusa kwa sababu ni kweli nilivutiwa na namba kubwa.

Narudia kwa televisheni ya dola 200. Kwa kipato cha dola 81 kwa wiki, hiyo ni wiki mbili na nusu. Kutoka hapo hadi siku moja na nusu ni kama mara 13. Ukitenganisha: dola 200 za 1954 ni kama 2,260 za 2023, na 2,260 kwa 300 ni mara saba na nusu. Hata hapo upande wa televisheni unauzidi upande wa kipato mara nyingi, na hiyo ni kwa kulinganisha kioo kidogo cha nyeusi na nyeupe na cha inchi 50 chenye rangi. Ukichukua televisheni ndogo ya leo, ya inchi 32 kwa dola 100 hivi, tofauti inarudi juu ya mara 22.

La tatu silibishii hata kidogo. Nilipaswa kuliweka kwenye bandiko la kwanza.

#5 FundiMeza

Mimi si mtu wa takwimu, ni fundi. Nimefungua televisheni za chogo kwa miaka mingi kabla hizi bapa hazijaja, kwa hiyo niseme kwa nini bei ilishuka, maana hapo juu mnaijadili kama vile imeshuka yenyewe.

Chogo ni kioo kizito chenye ombwe ndani. Kadiri unavyokikuza, hewa ya nje inakibana zaidi, kwa hiyo lazima kioo kiwe kinene zaidi. Inchi 36 za mwisho mwisho zilikaribia kilo 100, na zilitaka watu wawili au watatu kuzishusha mezani. Kila chogo kilitengenezwa kimoja kimoja. Nyuma kuna koili za shaba, kuna flaibeki inayotoa volti zaidi ya 20,000, na hata ukichomoa waya ukutani chaji inaweza kubaki kwenye kioo, ndiyo maana fundi alikuwa anaitoa kwanza kabla ya kutia mkono. Kitu cha namna hiyo kinapunguka bei polepole tu. Shaba ni shaba, kioo ni kioo, na kukisafirisha ni kusafirisha uzito.

Kioo bapa kinatengenezwa kwa njia nyingine kabisa. Unachukua shiti moja kubwa la kioo lenye unene wa nusu milimita hivi, unachora juu yake mamilioni ya transista, yaani swichi ndogo sana za umeme, kwa mara moja, kisha unalikata vipande kama vitumbua vinavyotoka kwenye kikaango kimoja. Kiwanda cha mwanzo kabisa cha miaka ya 1990 kilitumia shiti la kama sentimita 30 kwa 40. Weka karatasi mbili za A4 kando kwa kando, ndilo hilo. Mwaka 2009 Sharp wakafungua kiwanda Sakai, Japani, chenye shiti la karibu mita 2.9 kwa 3.1. Kisha BOE wa China wakaanzisha kiwanda Hefei chenye shiti la mita 2.94 kwa 3.37, linalotoa vioo nane vya inchi 65 kwa mpigo mmoja. Hatua za kazi ni zilezile, mzunguko ni uleule, ila badala ya kutoa kimoja unatoa nane.

Na kuna kile kimiminika kinachokaa katikati ya vioo viwili vya televisheni bapa, kinachoruhusu au kuzuia mwanga. Zamani kilivutwa kwa ombwe kupitia upenyo mdogo kati ya vioo viwili vilivyokwisha kuunganishwa. Kioo kikiwa kikubwa kilichukua saa nyingi kujaa. Baadaye wakagundua ni heri kudondosha matone juu ya kioo cha chini kwanza, ndipo ufunike na cha juu. Kazi ya saa nyingi ikawa ya dakika. Jambo dogo hivyo, lakini bila hilo inchi 65 zingebaki za hotelini.

#6 Kalamu ya Mwanzi

Fundi umenifungua macho. Nilikuwa nadhani ni mishahara midogo ya Asia tu.

#7 FundiMeza

Mishahara imo, ndugu yangu, na fedha za serikali zimo pia, maana mji wa Hefei wenyewe uliweka mtaji mkubwa kwa BOE kuanzia 2008. Viwanda vikijengwa vingi kuliko mahitaji, bei inaanguka na walaji wananufaika. Lakini tusisahau kuwa kuna kipindi walijaribu kuizuia isianguke. Mwaka 2008 LG, Sharp na Chunghwa walikiri mbele ya wizara ya sheria ya Marekani kwamba walikula njama ya kupanga bei za vioo, wakakubali faini ya jumla ya dola milioni 585. AU Optronics waliokataa wakaenda mahakamani, na 2012 wakapigwa faini ya dola milioni 500. Kwa hiyo kuna miaka ambayo kaya zililipa zaidi ya ilivyostahili, na hizo hela hazimo kwenye grafu ya mtu yeyote kama hasara.

#8 Kalamu ya Mwanzi

Sawa, basi niseme na langu, nalo linakwenda upande wa pili. Naona uzi unaelekea kusema televisheni rahisi ni kiini macho. Mimi nakataa. Mwaka 1997 Philips walileta televisheni ya plazima ya inchi 42 kwa takriban dola 15,000. Kaya ya kati ilipata dola 37,005 mwaka huo, yaani kioo kile kilikuwa asilimia 40 ya kipato cha mwaka, na mistari yake ya picha ilikuwa 480 tu. Leo mzee mwenye macho hafifu anasoma maandishi ya taarifa ya habari kwenye kioo kikubwa zaidi ya kile kwa bei ya siku mbili za kazi. Mama yangu alikuwa hivyo miaka yake ya mwisho, alikuwa anasogeza kiti hadi magoti yanagusa meza ya televisheni, na tulipopata kioo kikubwa akarudisha kiti kwenye ukuta, akakaa na sisi. Hilo ni ongezeko la kweli la maisha, wala si namba.

#9 Mama Takwimu

Kalamu, hilo la mama yako linatakiwa lihesabiwe, na kwa kweli wanajaribu kulihesabu. Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani haichukui bei ya dukani peke yake. Kioo kikiongezeka ukubwa au ukali wa picha kwa bei ileile, wao wanaandika kwamba bei imeshuka. Wanachambua kila sifa ina thamani ya dola ngapi, kisha wanaitoa. Kwa televisheni walianza utaratibu huo mwaka 1999. Ndiyo sababu kwenye faharasa yao, yaani kipimo chao cha mwenendo wa bei, bei ya televisheni imeanguka kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 2000, wakati ukiingia dukani hukuti televisheni iliyokuwa ya dola 400 sasa inauzwa dola 40.

Hapa panahitaji uangalifu. Faharasa inasema kile kioo cha mwaka 2000 leo kingekuwa na thamani ndogo sana. Haisemi familia imebaki na ile tofauti mfukoni. Hakuna anayekuuzia inchi 20 za mwaka 2000 kwa dola 15. Unalipa 150, 300, 500, na unapata kikubwa zaidi. Hela imetoka vilevile.

#10 Nuru ya Alfajiri

Naongeza kitu kwenye hilo la "bei". Sehemu ya bei ya leo hailipwi dukani. Mwaka 2017 Vizio, kampuni ya televisheni, walilipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi na tume ya biashara ya Marekani, kwa sababu televisheni zao milioni 11 zilikuwa zinakusanya kumbukumbu za watu wanachokitazama bila idhini yao. Baadaye kampuni hiyohiyo ikaanza kupata faida ghafi kubwa zaidi kwenye matangazo na data kuliko kwenye televisheni zenyewe. Muuzaji anaweza kukuuzia kioo karibu na gharama yake kwa sababu ataendelea kuvuna kwako miaka yote utakayokaa nacho. Ile CT-100 ya 1954 haikujua jina la mwenye nyumba.

Na bado nasubiri jibu la kima cha chini, mkuu.

#11 Kipimo Sahihi (mleta mada)

Nuru, samahani kwa kuchelewa, nilitaka kuhakikisha kwanza kwa sababu jibu lilinishtua.

Kima cha chini cha shirikisho mwaka 1954 kilikuwa senti 75 kwa saa. Televisheni ya dola 200 ilikuwa saa 267 za kazi, karibu wiki saba. Leo kima hicho ni dola 7.25, na hakijaguswa tangu Julai 2009. Televisheni ya dola 300 ni saa 41, wiki moja. Ile ndogo ya dola 100 ni saa 14.

Sasa sikiliza. Zile senti 75 ukizileta kwenye thamani ya 2023 ni kama dola 8 na nusu. Mtu wa kima cha chini wa leo analipwa pungufu ya mwenzake wa 1954 kwa thamani halisi ya fedha, na bado televisheni imekuwa rahisi kwake zaidi ya mara sita. Mshahara wake umerudi nyuma, kioo kimemsogelea. Huyu ndiye anayeonyeshwa kidole kwamba "ana televisheni".

Nikachukua kitu kimoja kisichopita kwenye shiti la kioo la Fundi, yaani nyumba. Mwaka 1970 nyumba mpya ya bei ya kati Marekani iliuzwa dola 23,400, na kaya ya kati ilipata dola 8,734. Miaka miwili na miezi minane ya kipato. Mwaka 2023 nyumba mpya ya kati ilizidi dola 420,000. Gawa kwa 80,610, unapata zaidi ya miaka mitano. Mwanauchumi William Baumol alilieleza hili miaka ya 1960: kazi ambazo mashine haiwezi kuzifanya nane kwa mpigo, kama kufundisha, kuuguza, kulea, lazima zipande bei ukilinganisha na zile ambazo mashine inaziweza. Nyumba ina mambo yake mengine pia, ardhi na vibali vya ujenzi.

#12 Kalamu ya Mwanzi

Haki itendeke kwa pande zote: nyumba za 1970 zilikuwa na wastani wa futi za mraba 1,500, na za sasa zinazidi 2,200. Kama ukubwa wa kioo unahesabiwa, na wa nyumba uhesabiwe.

#13 Kipimo Sahihi (mleta mada)

Ni kweli kabisa, na ukiuhesabu pengo linapungua sana. Kwa futi moja ya mraba nyumba imepanda kuliko kipato, ila si mara mbili. Tofauti ninayoiona ni kwamba anayetaka kioo kidogo bado anakipata kwa dola 100. Anayetaka nyumba mpya ya futi 1,000 mara nyingi haikuti, hakuna anayemjengea.

#14 FundiMeza

Nimalizie na la mezani kwangu. Wakati wa chogo mtu akileta televisheni imezima, nilibadilisha flaibeki au kapasita, akalipa sehemu ndogo ya bei ya mpya, ikaenda miaka mingine sita. Ilifaa kuitengeneza kwa sababu ilikuwa wiki kadhaa za jasho lake. Wiki iliyopita kijana ameniletea ya inchi 50, mtoto ameipiga na rimoti, ufa mmoja kutoka kona hadi kona. Kioo peke yake kinakaribia bei ya televisheni nzima, kwa hiyo sikuwa na la kumwambia zaidi ya hilo. Nikaifungua mbele yake: bodi tatu nzima, spika nzima, taa za nyuma zote zinawaka. Akaniuliza avifanyie nini. Nimezitunza bodi, kuna mteja mwingine ya kwake imeungua upande wa umeme na kioo chake ni kizima. Kesho nazijaribu.